Kitanda cha Wawili

"Samahani dada, hicho sikuuzii."

Muuzaji, msichana aliyeajiriwa juzijuzi, alilisema hilo kwa tabasamu. Mteja wake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kikubwa cha mbao, mkoba mapajani.

"Huniuzii? Kwani pesa zangu zina ukoma?"

"Si mimi, ni sharti la bosi. Kitanda cha wawili, wote wawili wakilalie hapahapa kwanza. Ndiyo maana wateja hawarudishi vitanda, na ndiyo maana leo tuna matawi sita. Mwenzako yuko wapi?"

Mteja akacheka kwa uchungu. Sharti lile alilitunga yeye na mumewe, enzi duka likiwa chumba kimoja na ghala ni uvungu wa kitanda chao. Sasa matawi yametapakaa mji kwa mji, na mumewe hulala kila mji isipokuwa nyumbani.

Akapiga simu.

"Mke wangu, niko na mwenye jengo la tawi la saba, mtaa wa pili tu hapo..."

"Nami niko dukani kwako. Nanunua kitanda."

"Mke wa muuza vitanda anunue kitanda? Si ungesema?"

"Nimesema mpaka koo limekauka. Chetu kimebonyea upande mmoja, baba watoto. Upande wangu."

Akahamishia simu sikio la pili, akaendelea.

"Tawi hilo mwachie dada yako. Wifi yangu amekuomba, amebembeleza, humsikii. Sasa chagua. Mfanyakazi wako hataniuzia cha wawili nikiwa peke yangu. Usipokuja, nabeba cha mtu mmoja. Na kikishaingia chumbani, usiniulize utalala wapi."

Akakata. Haikupita muda, ujumbe ukaingia: "Usilipe. Nakuja."

Msichana alibaki mdomo wazi. "Kumbe wewe ndiye mama bosi! Nimekwisha!"

"Umekwisha wapi? Hivyohivyo, usilegeze."

Bosi akaingia akihema, jasho likimtiririka.

"Lala," mkewe akamwambia.

"Mbele za watu?"

"Wateja wako huwa unawalaza mbele za nani?"

Wateja wakaangua kicheko. Bosi akavua viatu, akajilaza. Mkewe akajilaza kando yake. Hata hawajatulia, simu ikalia mfukoni: mwenye jengo. Bosi akaitazama, akamtazama mkewe, akapokea.

"Mzee, dada yangu atakuja kumalizia mazungumzo. Tawi hilo atalisimamia yeye. Mimi? Mimi niko kitandani na mke wangu."

Akaizima, akaisukumia chini ya mto.

"Nilidhani umenichoka," mkewe akanong'ona.

Akageuka asikie jibu. Mume alikuwa kashapitiwa na usingizi, anakoroma, mkono wake umemshika mkewe kiganja.

Msichana akasogea kwa kunyata. "Mama bosi, niwaite wapakizi wakichukue?"

"Subiri kwanza, mdogo wangu. Mwenzangu bado anakijaribu."