Mgeni Hajatikisa Finjani

Siku ya pili baada ya sherehe ya makumbusho, Kheiria alifungua kabati la vioo apanguse vumbi, akaishika finjani ya marehemu mamaake na kuikuta ina vuguvugu, kama aliyekuwa akiinywea ameinuka sasa hivi kwenda kunawa mikono. Akaipangusa, akairudisha mahali pake. Mtu mwingine angetoka mbio, lakini Kheiria alikuwa amekufa ganzi tangu alipomzika mamaake. Hakulia msibani, hakulia kwenye hitima, na ndugu zake walishaanza kumteta kuwa ana moyo mgumu.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya kawaida pale Al Hail, iliyotengenezwa na watu wa mtaa ili watoto wao wajue wazee walivyoishi Unguja kabla ya kurudi Maskati. Kheiria ndiye aliyekuwa msimamizi. Vitu vya mamaake alivileta vyote huko kwa sababu hakuweza kukaa navyo nyumbani: mkeka, chetezo, dele la kahawa na hiyo finjani.

Alijua fika kuwa havikuwa mapambo. Mamaake alikuwa na ruhani, pepo aliyekuwa akimjia kama mgeni. Kila mwezi wa Rajabu alikuwa akijifungia chumbani, anafukiza udi, anamtilia mgeni wake kahawa, na mwisho anaitikisa finjani kwa niaba yake. Ndivyo mgeni wa Oman anavyosema ametosheka. Asipotikisa, mwenyeji humtilia tena, naye huendelea kukaa. Watoto wake walilionea haya jambo hilo, wakajifanya hawalijui.

Sasa kwenye sherehe, Malak, binti yake Kheiria, alitandika mkeka wa bibi, akafukiza udi, akatia kahawa kwenye finjani ili picha zipendeze. Wageni walisifu mpaka wakachoka. Jioni vyombo vikaoshwa, vikarudishwa kabatini, wala hakuna aliyekumbuka kutikisa.

Baada ya vuguvugu lile ikaja harufu ya udi, na chetezo hakina hata jivu. Kisha sauti ya kahawa inayotiwa, taratibu, kwenye chumba kisicho na mtu. Kheiria alisikia, akaendelea kupanga viti. Aliona kama mambo hayo yanamtokea mtu mwingine.

Mchana mmoja walipofunga kwa ajili ya sala, alirudi akamkuta Malak amekaa juu ya mkeka, finjani mkononi. Malak alizaliwa Maskati. Kiswahili anakisikia, lakini kila siku humjibu mamaake kwa Kiarabu.

"Nna kiu, Kheri," alisema Malak. "N'tilie."

Aliyekuwa akimwita Kheri duniani ni mmoja tu, na alikuwa kaburini. Kheiria alichukua dele, dele la maonyesho ambalo halikuwa na kitu ndani, akaliinamisha na kahawa ikatoka ya moto, akatia, Malak akanywa na kunyoosha finjani tena, akatia, akanyoosha tena, na kila akinywa midomo yake ilizidi kuwa mikavu na vidole vyake vilizidi kuwa baridi, na ule mkono ulionyooshwa haukutikisika hata kidogo.

Ndipo alipompigia simu Bi Shaikha, shoga wa mamaake, naye akaja mbio kutoka Ghubra. Bibi yule alisimama mlangoni, akamwangalia Malak, akamvuta Kheiria ukumbini.

"Nani kamtilia kahawa?" alinong'ona.

"Sisi. Siku ya sherehe."

"Na nani katikisa finjani?"

"Hakuna."

"Basi itikise wewe, ndiwe mwenyeji. Mpe ruhusa ende zake. Lakini akenda, sauti hiyo inakwenda naye. Si mamaako huyo, mwanangu. Kamzoea mamaako tu, miaka yote ile."

"Na nisipotikisa?"

"Atamfanya Malak kiti chake, amkalie daima. Hutompata tena."

Waliingia. Bi Shaikha alifumba macho, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Kheiria aliipokea finjani kutoka mkononi mwa bintiye. Ilikuwa na kahawa nusu.

"Kheri," ile sauti ikasema polepole, "mbona hukunililia?"

Hapo ganzi ikamtoka. Uchungu ulimpasua kifua, machozi yakamwagika, na huku Bi Shaikha bado amefumba macho, Kheiria aliipeleka finjani mdomoni, akainywa yote, akaiweka chini bila ya kuitikisa.

Malak alianguka ubavu. Alipozinduka aliomba maji, kwa Kiarabu, akauliza kwa nini mamaake analia.

"Umetikisa?" aliuliza Bi Shaikha.

"Nimetikisa, bibi."

"Alhamdulillah." Akamkumbatia.

Alasiri, nyumbani, Malak alisikia mamaake anacheka jikoni, kicheko cha kwanza tangu msiba. Alifurahi, akaenda kumtazama. Mama alikuwa amekaa peke yake sakafuni, uso umetulia, hauna chozi wala huzuni, mkono wa kushoto umeshika dele la bibi na wa kulia finjani yake. Alijitilia, akanywa, akanyoosha finjani mbele yake, akajitilia tena.

"Mama, khalas, yatosha," alisema Malak kwa Kiarabu, akicheka. "Tikisa basi."

Mkono ulibaki umenyooka.

"Bado nna kiu, mjukuu wangu," alijibu mama.