Lugha Iliyokosa Midomo

Jioni ile fundi alikwenda kuichukua kompyuta ya marehemu mkewe.

Ofisi alikokuwa akifanya kazi marehemu ilikuwa imekwisha kufungwa, na mzigo ulikuwa umeachwa kwa mlinzi, ndani ya boksi la karatasi za printa. Mlinzi alimpa pole, akakohoa, kisha akasema kwamba mashine hiyo ina vituko. Jua likizama hujiwasha yenyewe.

"Nikaiambia, tulia bibie, mwenyewe anakuja kukuchukua."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaooneana haya. Fundi hakushtuka. Yeye alikuwa mtunza kompyuta za chuo, mtu wa mfumo wa Linux na amri zake za kuandika, na kwa uzoefu wake kila kinachojiwasha kina sababu.

Kilichomshtua alikikuta nyumbani. Mashine ilikuwa tupu. Ofisi ilifuta kila kitu ili impe mfanyakazi mwingine, ndipo mtu akakumbuka kwamba ilikuwa mali ya marehemu mwenyewe. Na humo ndimo ilimokuwa sauti yake. Siku za mwisho, kitandani hospitalini, mkewe alijirekodi akimwimbia binti yao nyimbo za kumlaza. Binti mwenyewe walimwita Chiriku, kwa kuwa kinywa chake hakikujua kupumzika. Wiki hiyo Chiriku alikuwa amemuuliza baba yake sauti ya mama ilikuwaje. Fundi alijaribu kuiiga, ikatoka sauti yake mwenyewe. Mtoto alikuwa anaisahau.

Na yeye pia.

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki hawajawahi kufanya kazi ya fundi huyu. Faili likifutwa halitoweki papo hapo. Hubaki limelala kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na ipo programu ya kuyasaka yaliyolala. Akaiendesha. Ikapekua diski yote, ikamjibu kwa Kiswahili safi: hakuna kilichopatikana. Akarudia. Hakuna kilichopatikana.

Ndipo alipokumbuka kwamba programu hiyohiyo mkewe alikuwa akiitafsiri kwa lugha ya kwao, lugha ya ukoo wa mama yake, ambayo wazungumzaji wake walikuwa wamepukutika mmoja mmoja hadi akabaki mama mkwe peke yake. Mauti yalimkuta kazi ikiwa nusu, na nusu hiyo ilikwisha kuingizwa ndani ya programu. Fundi hakuijua lugha hiyo zaidi ya neno la kukubali na neno la kukataa. Hakutarajia kitu. Alitaka tu kuyaona maneno aliyoyaandika mkewe.

Ukitaka programu moja iseme lugha nyingine, kazi si kubwa. Kwenye mstari wa amri unaitanguliza lugha, kisha unaandika jina la programu. Hiyo peke yake ndiyo itakayobadilika. Nyingine zote zitabaki zilivyo, na ukiifunga, lugha huondoka nayo.

Akaandika. Akabonyeza.

Mahali ambapo tafsiri haijafika, programu hurudi kwenye Kiingereza. Ndivyo zilivyoundwa. Lakini hakikujitokeza hata kipande cha Kiingereza. Mistari iliteremka yote kwa lugha ya marehemu, mmoja baada ya mwingine, bila pengo... kisha ikasimama. Katikati yake fundi alilitambua jina la faili. Lilikuwa jina la wimbo.

Chini yake palikuwa na swali. Refu mno kwa programu ile. Likingoja.

Neno la kukubali alilijua.

Kwanza ilisikika pumzi. Kisha sauti, nyembamba, imechoka, ikiimba. Chiriku alikuja mbio kutoka sebuleni, akaweka kiganja juu ya spika kama mtu anayepima homa.

"Baba," akanong'ona, "mama anapumua."

Chumba kilinukia mafuta ya nywele aliyokuwa akipaka mkewe. Fundi alilia bila sauti, akamwacha mtoto asikilize hadi usingizi ukamchukua.

Jioni iliyofuata akapata wimbo wa pili. Kisha wa tatu. Kila wimbo ulitanguliwa na swali lilelile, naye kila mara alikubali. Aliona kwamba harufu ya mafuta sasa ina kitu chini yake, kitu kama udongo uliochimbwa baada ya mvua. Alifungua madirisha. Haikutoka.

Kisha akafanya kosa ambalo angemgombeza mwanafunzi kwa kulifanya. Badala ya kuitanguliza lugha kwa ile programu moja, aliiweka kwenye faili la mipangilio, iwe ya mashine nzima. Alijidanganya kwamba amechoka kuiandika kila jioni. Ukweli ni kwamba alitaka kila anapogeukia akutane na mkewe. Na akakutana naye. Saa, kalenda, kitufe cha kuzimia, vyote vikasema lugha yake. Mkewe hakuwahi kuvitafsiri hivyo. Fundi aliliona hilo, akachagua kutoliona.

Mama mkwe alikuwa akikaa nao tangu mazishi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na kioo cha kompyuta kwake kilikuwa ukungu mtupu, hivyo alizisikia nyimbo tu, akamshukuru Mungu kwa mashine. Mara nyingine alimtania mkwewe kwamba zamani fundi alikuwa mtu wa nyundo, siku hizi anabonyezabonyeza vidole na analipwa. Jioni hiyo fundi alimfuata jikoni, amemwacha Chiriku mbele ya kompyuta akichora picha. Alikuwa amelikariri swali kwa kulitazama. Alimwomba mama amfafanulie, akalisoma polepole, sauti kwa sauti, asijue anachokitamka.

Kisu kikasimama juu ya kitunguu.

"Rudia."

Akarudia.

"Na wewe unajibu nini, baba?"

"Nakubali, mama."

Mama mkwe aliketi. Alimweleza kwa sauti ya chini, huku akiuangalia mlango asioweza kuuona vizuri. Swali lilikuwa hili: sauti tunakupa, kinywa kilichomo nyumbani mwako, tukichukue?

Akamweleza na mengine, machache. Bibi yake aliizungumza lugha hiyo mlangoni, jua likizama, na watu ambao yeye hakuwaona. Majirani walipozidi kuzika watoto wao, ukoo ulikubaliana lugha isiendelee, iishie kwa waliokuwa nayo. Yeye alimfundisha binti yake kidogo, kwa kuwa ndiyo lugha aliyonyonya nayo, na mapenzi hayana akili. Alimkataza kitu kimoja tu. Asiiandike.

"Lugha ikikosa midomo haifi, mwanangu. Inatafuta."

Hapo wakasikia Chiriku akiongea.

Hakuwa akiongea na wao.

Fundi aliingia chumbani. Harufu ya udongo ilimkaba. Mtoto alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, mbali na kibodi. Kwenye kioo mistari ilikuwa inashuka. Unashuka mstari... naye anajibu. Unashuka mwingine... naye anajibu. Alikuwa akiyatamka maneno ambayo hakufundishwa na mtu, bila kigugumizi, kwa sauti kavu ya mtu aliyekula chumvi nyingi.

Fundi alimsogeza pembeni. Aliufuta mstari alioongeza kwenye mipangilio, akaizima mashine, akaiwasha. Ikaamka kwa Kiswahili. Saa ikasoma saa. Kalenda ikasoma Jumanne. Akaiendesha tena programu ya kusaka.

Hakuna kilichopatikana.

"Imekwisha," akasema. "Chiriku, mama, imekwisha. Njoo kwa baba."

Mtoto alimtazama kwa adabu, kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Kisha akamgeukia bibi yake aliyesimama mlangoni, akamwambia neno moja.

Mama mkwe akashika ukuta.

"Amesema nini?" fundi akanong'ona. "Mama, ni yeye? Ni mke wangu?"

"Si mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ameniita jina langu la utotoni. Mwanangu hakulijua. Aliyenipa ni bibi yangu."

Jambo moja fundi alilijua kwa kazi yake, na tangu hapo usiku na mchana alijizuia asilifikirie hadi mwisho. Ukibadilisha mipangilio ya lugha, programu iliyokwisha kuanza haibadiliki. Itaendelea na lugha iliyoanza nayo mpaka ifungwe.

Kompyuta aliichoma. Madaktari walimpima mtoto masikio, koo na kichwa, wakamrudisha nyumbani, wakisema ni majonzi na mshtuko. Chiriku anakula, analala, anakua. Anapenda kuongea kama zamani. Kiswahili hakimtoki hata neno.

Kwa hiyo fundi anajifunza. Mama mkwe alikataa, akakataa, akamwambia kwamba midomo iliyokwisha kutekwa inatosha. Fundi hakubishana naye. Alimuuliza kitu kimoja tu: siku yeye atakapoondoka duniani, mtoto ataongea na nani? Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi karibu naye. Kisha wakaanza. Maji. Mkono. Njoo. Umekula? Siku fundi alipomuuliza bintiye kama ana baridi, naye akamjibu, alitoka uani akalirudia jibu lake peke yake.

Jua likizama Chiriku husimama dirishani, akaliambia giza maneno machache, yaleyale kila siku. Mama mkwe huyasikia akajifunika khanga usoni. Hakukubali kamwe kuyafafanua. Fundi aliyazoea, akadhani labda ni sala.

Jana aliyaelewa.

"Subirini," binti yake alikuwa akisema. "Anajifunza."