Picha Iliyokubali Taa Zote

Jamani, picha ikishachorwa haina ruhusa ya kuhamisha kivuli chake. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Lakini siku ile watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, waliikuta picha imefanya hivyo mbele ya macho yao, na badala ya kukimbia wakaisifu.

Walikuwa mume na mke. Mume alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kabla ya kustaafu, na mtaa mzima ulimwita Mkuu. Alilipenda jina hilo kupita kiasi, maana kila alipobishana na mkewe alimalizia kwa, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amelizoea, wala halikumtisha.

Baada ya kustaafu, Mkuu alijenga reli ndogo juu ya meza katika chumba cha nyuma: garimoshi la kukaa kiganjani, mabehewa matatu, na reli inayozunguka bila mwisho. Kilichobaki kilikuwa picha ya kusimamisha nyuma ya meza. Reli ingeingia kwenye tundu upande mmoja wa picha, ipite kisogoni mwake, itokee tundu la pili, na mtazamaji aamini kwamba garimoshi limetoka mbali. Fundi wa mabango aliwaazima picha tatu wachague. Mkuu akamwita mkewe, kwa kuwa jicho la fundi cherehani halidanganyiki kirahisi kwenye mambo ya rangi.

Ya kwanza ilikuwa milima ya kijani kibichi. "Hapana," mke akasema. "Kitu cha mbali hufifia. Milima hii imeingia mpaka mezani bila kupiga hodi."

Ya pili ilikuwa mji wenye maghorofa. "Hii nayo imechorwa jua likiwa kulia, na taa yako iko kushoto. Vivuli vya nyumba viende huku, cha garimoshi kiende kule? Watagombana hao."

"Kweli wewe fundi," Mkuu akacheka.

Ya tatu ilikuwa kitambaa kikuukuu, kilichokatwa kutoka kwenye pazia la studio ya picha iliyofungwa zamani. Kilikuwa na nyika iliyopauka, vilima vya mbali, na katikati stesheni ndogo yenye benchi, bila mtu hata mmoja. Taa ilikuwa kushoto, na benchi limelaza kivuli chake kulia.

"Hii inakubali," Mkuu akasema. Kisha, kujaribu tu, akaihamishia taa upande wa kulia. Kivuli cha benchi kilikuwa kushoto.

Hakuna aliyekiona kikihama. Mkuu akapiga makofi. "Umeona? Inakubali taa popote! Aliyechora hii alikuwa bingwa."

Mke alihisi vinyweleo vikimsimama. Lakini alikuwa na nguo za watu za kumalizia, na mzee wake alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu astaafu. "Haya, chukua hiyo hiyo," akasema.

Siku garimoshi lilipoendeshwa mara ya kwanza, mjukuu wao alipewa kiti cha mbele. Alikuwa binti wa miaka minne, analelewa na wazee hao wakati mama yake yuko kazini mji mwingine, na kwa ukali wa ulimi wake walimwita Pilipili. Mkuu alivaa kofia yake ya kazi, akalisimamisha garimoshi mbele ya ile stesheni iliyochorwa, akapuliza kipenga.

"Abiria wote, pandeni!"

Pilipili akacheka mpaka akakohoa. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Garimoshi likaingia tunduni. Kati ya picha na ukuta palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja tu, lakini waliisikia sauti ya magurudumu ikienda, ikienda, ikafifia kama inayovuka bonde, mpaka ikapotea. Mkuu akachungulia nyuma ya picha na kuona reli tupu. Akiwa bado ameinama, sauti ikaanza kurudi kutoka mbali, na garimoshi likachomoza kwenye tundu la pili, limelowa umande, linajivuta kama lililobeba mzigo, na chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

"Ni... ni waya umeungua," Mkuu akasema.

Toka hapo nyumba haikuwa nyumba tena. Mchana kweupe, mke akiwa kwenye cherehani, alisikia nyayo zikitembea juu ya kokoto nyuma ya ukuta wa kile chumba, na nyuma ya ukuta ule kulikuwa na sakafu ya saruji tupu. Nyayo zilikwenda, zikasimama, zikarudi, kama za mtu anayesubiri aliyechelewa. Pilipili naye, mtoto ambaye hata usingizini alibishana, akaanza kunong'ona.

"Bibi, usikanyage cherehani kwa nguvu. Abiria hapendi kelele."

"Abiria gani, mke mwenzangu?"

"Yule aliyepanda babu alipomwita. Kando yake kuna nafasi moja. Anasema ni yangu."

Bibi yake alimtazama vizuri, na moyo ukampasuka. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamepauka. Hayakupauka kwa homa. Yalipauka kama vile vilima vya kwenye picha, kama kitu kinachokwenda mbali.

"Mkuu, itoe picha ile," akamwambia mumewe.

"Nitaitoa kesho," Mkuu akajibu, na sauti yake haikuwa ya mkuu wa kitu chochote.

Kesho yake ilinyesha mvua, giza likaingia ndani mapema, na mke akawasha taa ili ampime Pilipili gauni, akamsimamisha juu ya kigoda, akapiga magoti kubana upindo kwa pini, na alipoinua macho aone kama umekaa sawa, akaona ukutani kivuli chake mwenyewe kimepiga magoti, na kivuli cha mkasi, na cha kigoda na miguu yake mitatu, na juu ya kigoda kile hakuna kitu, ukuta mweupe tu, ingawa mtoto alikuwa mikononi mwake, anapumua, baridi kama chuma. Alimbeba akakimbia naye chumba cha nyuma, akasukuma mlango kwa bega, akainua taa mbele ya picha, na pale kwenye benchi ambalo halikuwahi kuwa na mtu, akaona kivuli kidogo kimeketi, chenye mikia miwili ya nywele alizosuka yeye mwenyewe juzi, na kando yake kivuli kingine, kirefu, kilichomwinamia.

Alipiga ukelele mpaka Mkuu akaanguka mlangoni akija.

Mganga wa majini waliyemleta alikuwa mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi. Aliizunguka meza, akanusa garimoshi, akauliza, "Nani aliita?"

"Mimi," Mkuu akasema. "Nilikuwa natania."

"Yeye hajui utani. Huyu ni jini wa njiani, kazi yake ni safari, na hasafiri peke yake. Ulimwambia apande. Ulimwambia ashuke wapi?"

Katika kazi yake yote Mkuu hakuwahi kuruhusu garimoshi liondoke bila kuwatangazia watu mwisho wa safari. "Reli hii ni duara," akasema polepole. "Haina mwisho."

"Ndiyo maana. Sasa sikieni. Mtoto ukimwita atashuka. Lakini nafasi ya kando haikai tupu, jini huyu atatafuta wa kuijaza tena. Kwa hiyo akishashuka tu, kitambaa kichomwe. Ila kagueni kwanza. Atakayebaki ndani wakati wa moto, ndiyo amebaki."

"Kukagua ni kazi yangu," Mkuu akasema.

Mke aliketi chini ya taa na mtoto kifuani. Mkuu akaenda kwenye swichi ya garimoshi, pembeni kabisa, ambako mwanga haukufika. Garimoshi likaingia tunduni, sauti ikafifia, ikapotea, na katika ukimya ule Mkuu akaita kwa sauti ya kazi yake ya zamani, "Abiria mdogo, mwisho wa safari! Shuka, umefika kwa bibi yako!"

Magurudumu yakarudi kwa kasi. Garimoshi lilipochomoza, kivuli kidogo kilianguka sakafuni, kikatambaa, kikajishika miguuni mwa mtoto. Pilipili akaruka akalia kwa nguvu zake zote, mwili wa moto, mashavu mekundu.

"Mwanangu! Mwanangu!" bibi yake akalia naye.

Nyuma yao kitambaa kilivimba, kama kuna kifua kinachopumua nyuma yake. Kitu kikagonga meza kutoka upande usio na nafasi ya kitu. Harufu ya nywele zilizoungua ikawakaba. "Nafasi," sauti ikasema huko ndani, ya chini, ya subira. Mkuu akainama akaweka midomo tunduni, akanong'ona neno ambalo mkewe hakulisikia kwa kilio cha mtoto. Kitambaa kikatulia.

"Wote wameshuka?" mganga akauliza.

Mkuu akainua bendera yake ya kijani. "Wote."

Mke ndiye aliyekivuta kile kitambaa, na ndiye aliyewasha kiberiti kule uani. Kiliungua mpaka uzi wa mwisho, naye akasimama pale akishukuru.

Jioni nyumba ilikuwa nyumba tena. Cherehani ililia kwa raha zake. Pilipili alikuwa karibu na taa, akicheza na vivuli vya vidole ukutani.

"Babu, nawe fanya sungura."

"Babu amechoka, mama," Mkuu akajibu kutoka kwenye kiti chake cha pembeni.

"Mvivu wewe!" akasema Pilipili, akaivuta taa, akamwelekezea.

Ukutani kikatokea kivuli cha kiti. Kilikuwa kitupu.

Cherehani ikanyamaza. Mke alimtazama mumewe, na sasa akaona jinsi uso wake ulivyopauka, jinsi ulivyokuwa mbali.

"Ulisema wote wameshuka," akanong'ona.

"Mtoto ameshuka. Usilie mbele yake, mke wangu."

Alikimbilia uani, akapiga magoti gizani, akachambua majivu kwa mikono miwili, akitafuta hata kipande cha upana wa kidole, kwa sababu kipande angekishona, alikuwa fundi, angeweza kukishona. Hapakuwa na kipande.

Ndani, kwenye chumba cha nyuma kisicho na mtu, kipenga kikalia. Mkuu akanyoosha mkono kuchukua kofia yake.