Tulimpiga X, Naye Akashinda

Mama yangu alimpigia kura mtu aliyetaka kubomoa nyumba yetu. Kura ya mke wangu iliharibika. Majirani wengi walifanya kama mama. Hakuna aliyehongwa. Hakuna aliyetishwa. Wote walimchukia mtu huyo, na chuki hiyo hiyo ndiyo iliyompa ushindi.

Bado nina hasira. Nitaeleza ilivyokuwa, ili wewe usifanye kama sisi.

Mimi ni mwashi. Nyumba yetu niliijenga mwenyewe, siku ambazo sikuwa na kazi ya watu. Ina vyumba vitatu, na jiko liko nje, ubavuni. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, ni cha mama. Alikuwa akikaa dirishani tangu asubuhi. Ukipita bila kumsalimu, alikutania mpaka ugeuke.

Asubuhi moja walikuja vijana wa halmashauri na kopo la rangi nyekundu. Hawakupiga hodi. Walichora X kubwa chini ya dirisha la mama. Wakaenda kwa kinyozi, wakachora. Wakaenda kwa fundi viatu, wakachora. Wakamaliza upande wetu wote.

Mama alitoa kichwa nje. "Nyie! Mnachafua ukuta wa mwanangu kwa nini?"

"Nyumba hii inavunjwa, bibi. Barabara inapanuliwa."

"Kwa amri ya nani?"

"Muulize diwani."

Diwani wetu tulimwita Meno, kwa sababu kwenye mabango yake meno yalionekana kuliko uso. Alikuwa mtu wa chama cha Ngazi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, halali mtu. Kuna maghala matupu, na maghala hayo ni ya Meno. Rangi nyekundu haikuvuka kwenda huko. Nimejenga miaka mingi, lakini sijawahi kuona barabara inayonenepa upande mmoja.

Mgombea urais wa Ngazi alikuja uwanjani akapanda jukwaani. Alisema "maendeleo" mpaka neno likaisha ladha. Aliahidi barabara pana. Meno alikuwa nyuma yake akipiga makofi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema sisi tutalala wapi.

Chama cha Birika kilimsimamisha mama mmoja muuza mkaa agombee udiwani. Yeye alikuja kwa miguu. Alitazama X kwenye kuta zetu, kisha akatazama maghala.

"Nikiingia halmashauri," alisema, "nitadai barabara ipanuliwe kule ng'ambo. Kule hakuna atakayetolewa kitandani."

Hotuba nzima ilikuwa hiyo. Tulimpenda papo hapo. Mama muuza mkaa akishinda, nyumba zinabaki. Meno akirudi, nyumba zinavunjwa. Jambo lilikuwa jepesi namna hiyo.

Siku moja tulikaa kwenye benchi la kinyozi. Mama alikuwa dirishani kwake, anasikia kila kitu.

"Huyu Meno tumfanye nini?" kinyozi aliuliza.

"Si ametupiga X?" mama alijibu. "Siku ya kura na sisi tumpige X. Pale pale usoni, juu ya meno yake!"

Watu walicheka mpaka fundi viatu akadondosha nyundo. Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa unasema, "Tumpige X!" Watu walipokutana hawakuulizana habari. Walikunja mikono ikawa X, wakacheka, wakapita.

Neno hilo lilimfikia kijana mmoja wa Ngazi. Tulimwita Redio, maana hazimiki. Redio alikuwa wakala wa chama chake. Chama kilikuwa kimemfundisha namna kura zinavyohesabiwa. Kwa hiyo alielewa mara moja kitu ambacho sisi hatukukielewa. Alikuja kwenye dirisha la mama, akanong'ona.

"Bibi, Ngazi mimi natafuta ugali tu. Moyoni niko na nyinyi. Huyo mtu mpigeni X. Ijae kisanduku chake. Msiguse pengine popote."

Mama alimpa maji ya kunywa. Kijana alipoondoka, mama aliniambia, "Yule kijana ana utu, tofauti na wenzake."

Utu! Kila nikikumbuka kikombe kile cha maji, meno yangu yanasagana.

Na Birika je, chama chetu? Walileta lori lenye spika kubwa kama makabati. Walileta fulana na kofia. Walitufundisha nyimbo tatu, tukaziimba mpaka sauti zikakauka. Lakini hakuna hata mmoja aliyeshika karatasi ya mfano akasema, "Jamani, kura inapigwa hivi." Walidhani tunajua. Wangetuuliza, wangeshushwa cheo?

Siku ya kura tulipanga foleni mapema. Mama alitoka kituoni akitembea kama bibi harusi.

"Nimemmaliza," alisema.

"Mimi pia," mke wangu alisema.

Kesho yake matokeo yalibandikwa. Meno alikuwa ameshinda udiwani kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Urais ulikuwa bado. Hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo wawili wa juu, yule wa Ngazi na yule wa Birika, wangerudi duru ya pili.

Fundi viatu alisoma karatasi ile mlangoni mwa kituo, akageuka.

"Wametuibia!"

Mtaa ulichemka. Kuna waliokwisha kuinama kuokota mawe. Ndipo mwalimu wa chekechea akatoka. Amepanga nyumba jirani na yetu, na siku ya kura alikuwa karani wa kituo. Alikuwa amechoka, macho mekundu.

"Wekeni mawe chini," alisema. "Hapa hakuibwa kitu. Kura mlimpa wenyewe."

"Mwalimu, usitutukane!"

"Siwatukani. Tulihesabu mbele ya mawakala wa vyama vyote. Humu kituoni, karatasi thelathini na moja zilikuwa na X kwenye kisanduku cha Meno."

"Enhe!" mama alipaza sauti. "Na moja ni ya..."

"Bibi, usiseme! Kura yako ni siri yako. Sijui nani aliweka nini, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba X zile zote zilihesabiwa kuwa kura za Meno."

Mama alikunja uso.

"X ni kukataa," alisema. "Angalia ukuta wangu. Pale wamekubali nini?"

"Ukutani ni kubomoa, bibi. Kwenye daftari la mtoto ni kosa. Lakini kwenye karatasi ya kura X ni alama tu, sawa na tiki. Ukiiweka kwenye kisanduku cha mtu, umemchagua. Karatasi haioni kwamba umenuna."

Mke wangu aliuliza polepole, "Na mtu akimpiga X huyu, halafu akamwekea tiki yule?"

"Hapo ameweka alama mbili kwa nafasi moja. Kura imeharibika. Hapati huyu, hapati yule."

Mke wangu alikaa chini pale pale, kwenye vumbi.

Nilimgeukia mwalimu kwa hasira. "Mbona hukutuambia mapema? Ulisikia mtaa mzima unaimba X!"

"Nilisikia. Nilidhani ni maneno ya kampeni, kama mtu anavyosema atamgaragaza mwenzake. Ningejua mnamaanisha kalamu, ningepita mlango kwa mlango. Na wewe, baba mwashi, uliwahi kuja kuniuliza?"

Niliinama nikamwinua mke wangu vumbini.

Wakati huo Redio alikuwa anapita na kofia mpya ya Ngazi. Mama alimwona.

"Wewe! Ulijua?"

Redio alicheka. "Bibi, si niliwaambia ijae kisanduku? Siasa hiyo."

Mama aliinua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo iliyokuwa mlangoni pa nyumba ya pili, akammwagia yote. Kofia ilielea kwenye mtaro. Nilimshika mama mkono, lakini sikumshika kwa nguvu sana.

Siku chache baadaye mwalimu alikuja nyumbani kwetu alasiri. Kinyozi na fundi viatu walikuwepo. Mke wangu alikuwa jikoni.

"Leo mnakula nini?" mwalimu aliuliza.

"Kuna kabichi na kuna maharage," mke wangu alijibu. "Bado sijaamua."

"Usiamue. Wapige kura."

Alichukua mfuko wa saruji niliokwisha kuutumia, akaukata vipande. Kwa mkaa alichora kabichi na maharage kwenye kila kipande, na kisanduku mbele ya kila mchoro.

"Pigeni kama mlivyopiga siku ile," alisema. "Kila mtu ageukie ukuta. Mpishi hapigi kura, ana maslahi."

Mama anaichukia kabichi. Anasema inamjaza upepo. Fundi viatu naye hataki hata harufu yake. Walichora kwa hasira, mkaa ukavunjika. Tulitumbukiza karatasi kwenye sufuria. Mwalimu akahesabu mbele yetu.

"Kabichi, mbili. Maharage, moja. Na hii moja ina X kwa kabichi na tiki kwa maharage, imeharibika."

Kinyozi alitazama pembeni.

"Kabichi imeshinda," mwalimu alisema. "Mpishi, pika kabichi."

"Siili!" mama alifoka.

"Umeichagua, bibi."

"Nimeikataa!"

"Iko wapi hasira yako kwenye karatasi hii? Nionyeshe."

Mama aliichukua karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Hakuona kitu zaidi ya alama nyeusi mbele ya kabichi. Jioni ile alikula. Alitafuna kila tonge kama anatafuna kiatu, na hakutania mtu. Alipomaliza alisema, "Mwalimu, nifundishe upya."

Mwalimu alimfundisha, na sisi tukasikiliza.

"Alama ni moja tu. Iweke kwa yule unayemtaka. Usiyemtaka mwache mtupu, kama vile hayupo. Huko kumwacha ndiko kumkataa. Usiandike jina lako wala neno lolote, hata tusi."

"Hata tusi fupi?" fundi viatu aliuliza.

"Hata fupi. Karatasi ikionyesha ni ya nani, inatupwa. Na mkono ukiteleza, usitumbukize. Rudi kwa karani, umweleze. Atakupa karatasi nyingine, ile ya kwanza itafutwa. Msione haya. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko Meno miaka mitano."

Kesho yake tulipiga tena. Maharage yalishinda kura zote. Tangu hapo mama alifanya kazi ambayo vyama vyote viwili vilishindwa kuifanya. Alikaa dirishani na vipande vya mfuko wa saruji. Kila aliyepita aliitwa.

"Njoo hapa, wewe mwenye shati la bluu! Hutaki kabichi. Unafanyaje?"

"Naipiga X, bibi."

"Utaila! Rudi hapa."

Hakuwaambia wamchague nani. Mwenye kofia ya Ngazi alimfundisha sawa na mwenye kofia ya Birika. Nilimuuliza kwa nini anawasaidia wale. Alinijibu, "Nataka nishindwe na mtu aliyetaka kunishinda. Nisishindwe na mkono wangu mwenyewe."

Duru ya pili ikafika. Mama alitoka kituoni, safari hii bila mbwembwe. Alinipita akasema kwa sauti ya chini, "Kabichi nimeiacha tupu."

Kituoni kwetu haikuharibika hata kura moja. Mgombea urais wa Ngazi alishindwa pale kwetu, akashindwa nchini kote pia. Tulicheza barabarani. Mimi pia nilicheza, na goti langu bovu.

Lakini rais si diwani. Siku ya kwanza tulikuwa tumepewa karatasi mbili, moja ya rais na moja ya diwani, na ni ile ya rais tu iliyorudiwa. Rais mpya alikaa mbali, kwenye ikulu yake. Meno alikaa halmashauri, na halmashauri ndiyo iliyokuwa na tingatinga. Tuliandika barua, tukaenda ofisini kwao, tukaambiwa madiwani wamekwisha kupitisha.

Walikuja asubuhi. Meno alisimama ng'ambo, kwenye kivuli cha ghala lake, amevaa kofia ya ujenzi ambayo haijawahi kuona saruji. Alimpungia mama mkono.

"Pole, bibi. Ni maendeleo."

"Funga mdomo," mama alimwambia. "Meno yako nimeyaona ya kutosha."

Tingatinga lilianzia kwenye X, chini ya dirisha.

Hesabu ni hii. Kura za X kituoni kwetu zilikuwa thelathini na moja. Meno alishinda kwa tofauti ya kumi na tisa. Chumba cha mama kimekwenda, na jiko. Kinyozi amepoteza kibanda, na kioo chake kilivunjika kikishushwa. Fundi viatu amepoteza nyumba yote, amehamia kwa shemeji yake, na shemeji hamtaki. Upande wetu zimevunjwa nyumba tisa, nyingine nusu, nyingine nzima. Mama sasa analala chumba cha nyuma na wajukuu, na dirisha la huko linatazama ukuta.

Maghala yaliyovunjwa: hakuna.