Kichwa cha Shujaa Ngurumo

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia ua, akaosha vyombo vya jana, kisha akabandika chai. Chai ilipoanza kuchemka, kaka yake alivuta kiti, akapanda, na kuteremsha boksi lililokaa juu ya kabati. Alilifuta vumbi kwa kitambaa laini, akachungulia kupitia kidirisha chake cha plastiki, akatabasamu, halafu akalirudisha bila kulifungua.

Ndani ya boksi alikaa Shujaa Ngurumo, sanamu ya plastiki yenye urefu wa shibiri moja, joho jeusi mgongoni na nembo nyekundu ya radi kifuani. Mjomba wao, aliyekuwa baharia, alimletea kaka zawadi hiyo alipokuwa na miaka tisa. Sanamu za Ngurumo zilitengenezwa chache tu, kisha kiwanda kikafungwa. Sasa watu wazima na ndevu zao walikuwa wakizigombania kama watoto.

Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, alibandikwa jina hilo la ndege kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini kwa miezi mitatu sasa, boksi liliposhushwa, Chiriku alitulia tuli kama maji mtungini.

Alikuwa na sababu. Siku moja, nyumbani hakuna mtu, aliwaita rafiki zake wawili waje wamwone Ngurumo. Akafungua boksi, akamshika shujaa kichwani ili amgeuze. Tap! Kichwa kikabaki mkononi, kiwiliwili kikaanguka mezani.

"Sisi hatukuwapo," wale rafiki walisema, wakatoka mbio hata viatu hawajavaa sawasawa.

Chiriku alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha akatafuta gundi kali ya viatu, akaipaka shingoni, akakikandamiza kichwa kikashika. Tone moja likadondokea kifuani na kubandua rangi ya nembo. Akachukua rangi ya kucha ya mama, nyekundu vilevile, akaziba palipobanduka. Kwa kuangalia, Ngurumo alikuwa mzima. Lakini tangu siku hiyo Chiriku hakula akashiba.

Jumamosi hii kaka alilifuta boksi kama kawaida, ila hakulirudisha.

"Leo halipandi tena," alisema. "Tunakwenda kwa Bi Lenzi."

Bi Lenzi alikuwa mama mmoja mjini aliyekadiria thamani ya vitu vya zamani. Daktari wa meno mwenye mapenzi ya sanamu hizo alikuwa tayari kumnunua Ngurumo, mradi Bi Lenzi aandike cheti kwamba ni wa asili na hajaguswa.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya mtu. Mafundi walikuwa watatu na miwani ya kuchomelea ilikuwa moja, wakipokezana. Jioni alirudi macho mekundu, yanatiririka machozi, akalala na kitambaa cha maji baridi usoni. Akimuuza Ngurumo, angenunua mashine yake mwenyewe na miwani yake mwenyewe, akafanya kazi bila kumlilia mtu zamu.

"Mfuate kaka yako, umsaidie kulishika boksi," mama alimwambia Chiriku. "Barabarani watu wanasukumana."

Njia nzima maneno yalimfika Chiriku kooni yakarudi. Sema sasa, moyo ulimwambia. Akamtazama kaka anavyolikumbatia lile boksi, akashindwa.

"Mbona leo chiriku haimbi?" kaka alimtania.

"Tumbo linaniuma."

Ofisi ya Bi Lenzi ilikuwa chumba chembamba juu ya kinyozi, kimejaa saa zilizosimama, stempu na wanasesere. Mwenyewe alikuwa mnene, mpole, amening'iniza lenzi shingoni. Alivaa glavu nyeupe, akamtoa Ngurumo, akampima kwenye mizani ndogo, akasoma muhuri uliochapwa chini ya mguu.

"Huyu ni wa kweli," alisema. "Wa bandia ni wepesi, na herufi zao zimepinda."

Kaka alicheka peke yake kwa furaha. Chiriku naye akaanza kupumua. Labda mambo yatapita, alijiambia.

Bi Lenzi akavuta pazia, akawasha taa ndogo ya mwanga wa zambarau inayofichua vilivyopakwa baadaye, akaipitisha juu ya sanamu. Mwili wote ulibaki mweusi. Kifuani tu, kwenye nembo, palimeta kipande kama ncha ya kidole. Shingoni nako kulizunguka ukanda mwembamba unaong'aa.

Bi Lenzi aliinama karibu. Alikishika kichwa kwa vidole viwili, akakivuta taratibu. Hakikutoka. Akainua kadibodi iliyotandikwa ndani ya boksi, akachomoa kichwa kingine, cha Ngurumo aliyekunja uso.

"Sanamu hii ina vichwa viwili," alisema. "Unachomoa hiki, unaweka kile. Kiwandani ndivyo walivyoiunda. Sasa hiki mbona kimegandishwa kwa gundi?"

Chiriku alikikodolea macho kile kichwa cha pili. Kumbe kichwa hakikuvunjika! Kilitoka kwa sababu kiliumbwa kutoka. Hakuwa ameharibu chochote siku ile, mpaka aliposhika gundi.

"Umeigusa, kijana?" Bi Lenzi aliuliza.

"Haki ya Mungu, mama, miaka sijaifungua."

"Gundi na rangi ya kucha haviingii vyenyewe. Kazi hii nina miaka ishirini nayo, na kila anayeniletea kitu kilichochezewa hula kiapo hichohicho." Sauti yake ilikuwa imepoa. "Daktari ataniuliza muuzaji ni mtu wa namna gani. Sitamficha."

"Mama, mimi si mwongo." Sauti ya kaka ilikatika. Macho yake, mekundu tangu jana, yalijaa machozi. Hakugeuka hata mara moja kumtazama mdogo wake. Haikumpitia akilini kumshuku, na hilo lilimchoma Chiriku kuliko yote.

"Ni mimi," alisema.

Hawakumsikia vizuri. Akarudia kwa nguvu, akilia, akaeleza kichwa kilivyotoka, gundi ilivyodondoka, rangi aliyoiba na miezi mitatu aliyonyamaza. Alipomaliza, kaka aliketi polepole.

Bi Lenzi alijaribu kuilainisha gundi kwa maji ya moto, kisha kwa dawa. Akatikisa kichwa. Gundi ilikuwa imekula plastiki, na vitu viwili vimekuwa kimoja.

Akaandika cheti: ni ya asili, shingo imegandishwa, nembo imepakwa upya, muuzaji ni mkweli.

"Daktari huenda akaichukua kwa ajili ya kupamba kabati lake," alimwambia kaka. "Atakachotoa kitakupatia miwani mizuri ya kuchomelea. Mashine, hapana. Na wewe unisamehe, nilikuhukumu mbio."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Ungeileta hapa siku ileile, gundi ikiwa bado mbichi, ningeisafisha bila taabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kosa ukilisema mapema, mkubwa wako hulitengeneza. Ukilificha, linakua kila siku, na mwishowe linamwangukia asiye na hatia. Leo umesema, na jina la kaka yako limesalimika. Lakini umechelewa, mwanangu, na kuchelewa kuna hasara yake."

Walishuka ngazi. Chini, mbele ya kinyozi, kaka alisimama. Hakuwa na hasira usoni, na Chiriku alitamani angekuwa nayo.

"Ungeniita tu," kaka alisema. "Kilitaka kubonyezwa. Ningekibonyeza, ningekucheka wiki nzima, basi."

Akatangulia. Chiriku alimfuata nyuma, akijua kwamba Jumatatu kaka atarudi karakana ileile, na mwaka ujao pengine vilevile.

Mama alikuwa mlangoni akiwangoja. "Haya, niambieni, imekuwaje?"

Kaka alivuta pumzi atafute neno la kumfunika mdogo wake. Chiriku hakumngoja.

"Mama, ni mimi niliyeiharibu," alisema, akaanza mwanzo kabisa, bila kuruka kitu.