Nani Kaugusa Uzi Wangu

Kampire alikuwa na hasira kabla hajakutana na mtu wa kumkasirisha. Jua la mchana liliwachoma waliopanga foleni pale mpaka mdogo wa Gisenyi na Goma, wanawake wa nyanya na vitunguu walisukumana kwa viwiko, na viatu vya kisigino alivyovaa kwenda kupiga harusini Goma vilikuwa vinamkata vidole. Juu ya hayo yote, ofisa wa forodha akamtaka afungue kitenge alichofungia mzigo wake.

"Hii bao ni ya nini?"

"Ni inanga, afande. Mi napiga."

"Kila mutu anasema anapiga. Bon, piga tuone."

Akachutama palepale, gauni lake la kijani likigusa vumbi, akaiegemeza inanga gotini. Ni ubao mrefu uliochimbwa kama sinia, na juu yake unapita uzi mmoja tu, unaokwenda na kurudi mara nane kutoka ncha hadi ncha, na kila mpito huhesabiwa kama uzi. Vidole vikaanza kazi. Wauza nyanya wakanyamaza, ofisa akatabasamu, na Kampire naye akaanza kusahau vidole vya miguu. Ndipo sauti ya kiume ikasema nyuma yake, kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Samahani, dada. Nyuzi mbili hapo, ya tatu na ya sita, zimelegea kidogo."

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma na shati jeupe lililopigwa pasi sawasawa, na mkononi ameshika sanduku la mbao lenye vishikio vya shaba.

"We ni nani?"

"Naitwa Twahir. Kwetu ni Mbugangari, duka la vitambaa karibu na..."

"Sikukuuliza jina. Nakuuliza we ni nani wa kunirekebisha mbele ya watu."

"Hasira hasara, dada."

"Hasara utaiona we."

Ofisa alicheka mpaka akasahau kulikagua sanduku, akawapitisha wote wawili. Twahir hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa kutukanwa mara moja. Alimfuata hadi ng'ambo ya kizuizi, akaliweka sanduku juu ya ukuta mfupi na kulifungua. Ndani mlikuwa na kinanda cha mvukuto, kile kinachopuliziwa upepo kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mkono wa pili. Babu yake alikipigia taarabu huko Ujiji kabla familia haijarudi Rwanda, na sasa alikuwa anakipeleka Goma mvukuto wake ukatiwe kiraka.

"Natunga vipande vifupi," alisema. "Mtu anamaliza kikombe cha chai na kipande kimekwisha. Kinanda hiki na chombo kimoja cha nyuzi, basi. Nimejaribu gitaa, nikachoka nalo. Nimejaribu fidla ya kanisani, tukasikika kama tunazika mtu. Inanga sijawahi."

"Inanga na kinanda? Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ndiyo sababu nataka."

Kampire alimpa namba ya simu. Alijiambia kwamba anampa ili amthibitishie kuwa nyuzi zake hazikulegea, na pengine siku hiyo ilikuwa kweli.

Walianza kukutana katika chumba cha nyuma cha duka, katikati ya majora ya vitenge. Shida ilijitokeza siku ya kwanza. Zile nyuzi, ya tatu na ya sita, hazikuwa na makao kwenye kinanda. Sauti ya kila moja iliangukia katikati ya vibao viwili vya kubonyeza. Twahir alitafuta juu, akatafuta chini, akakuna kichwa.

"Juu ya nini usizikaze kidogo tu?" aliuliza akiiga lafudhi yake.

"Uzi haukazwi," Kampire alisema, na hakucheka. "Alifunga baba yangu, muzee Mbonigaba. Alifunga na kuimba, akaimba na kufunga, mpaka ikakaa kwa sauti yake. Kisha akaenda hospitali na hakurudi. Mi napiga tu. Sijavuta uzi ata siku moja. Nikipiga namusikia. Donc we utajua kazi ya kufanya na kinanda yako."

Twahir akajua. Alitunga vipande ambamo kinanda kilifunga mdomo kila zile nyuzi mbili zilipolia, kisha kikaingia tena taratibu. Vikatoka vinne namna hiyo, vifupi na vya ajabu, na mwishoni mwa kila kimoja walibaki wanatazamana. Mapenzi ni kikohozi. Wateja waliokuja kupima vitambaa walikuwa wanajua kabla wenyewe hawajaambiana.

"Malkia wa Kanama umefika nyumbani?" Twahir alikuwa akimpigia simu jioni, Kampire akisharudi kwao kilimani.

"Nimefika, we Mukigoma. Umekula?"

"Sijala. Nakula sauti yako."

"Basi utakufa njaa, juu nakata simu."

Na hakukata mpaka salio la mmoja wao liishe.

Kitu kimoja Twahir hakukisema katika simu hizo. Kampire alipoimba juu ya inanga ile, sauti yake ilibanwa. Alishuka kutafuta mahali pa sauti ya baba yake, na huko chini hakuwa na pumzi.

Kisha akaja Valentin, mwenye bustani ya mikutano kando ya ziwa, aliyetaka kuwaalika wapige vipande vyao mbele ya wageni kutoka Kigali. Alisikiliza, akapiga makofi, akamvuta Twahir pembeni. Ni vizuri, alisema, ila kuna mahali kinanda kinanyamaza kama kimeharibika. Hakuna kipande hata kimoja ambamo mnasikika pamoja mwanzo hadi mwisho?

Siku hiyo mvua ilinyesha kwa fujo, na Kampire akaiacha inanga dukani isilowe njiani kwenda Kanama. Ni hapo mtu mwenye akili zake timamu alipofanya upumbavu. Twahir alikuwa mtu wa vibao, na kwake kila sauti ilikuwa na nyumba yake. Ukisogeza moja, nyingine hazina habari. Aliona atakaza nyuzi mbili tu, atatunga kipande cha tano ambamo vyombo viwili havitengani, atamshangaza mpenzi wake, kisha atazirudisha. Alikaza ya tatu, ya nne ikalegea. Aliivuta ya nne, ya pili ikapanda. Uzi ni mmoja. Aliivuta inanga yote mpaka ikakubaliana na kinanda.

Kesho yake Kampire aliingia akiwa na sketi yake ya bluu na kilemba kipya, akaketi, akagusa mara moja tu.

"Nani kaugusa uzi wangu?"

"Sikiliza kwanza, mpenzi."

"Nauliza nani."

"Mimi. Ni kipande cha tano, Valentin alitaka kimoja tusichotengana. Sikiliza." Akavuta upepo, akabonyeza vibao vitatu, akanyoosha mkono wa pili na kuipapasa inanga magotini pa Kampire. Sauti zilishikana chumbani bila ufa. Ilikuwa nzuri mno, na uzuri huo ndio uliompandisha mori Kampire kuliko kitu kingine chochote.

"Rudisha."

"Nitarudisha. Nina rekodi yako kwenye simu, nita..."

"Rudisha sasa. Mi nikiona."

Alijaribu. Alisikiliza simu, akavuta, akasikiliza, akalegeza, jasho likilowesha shati lake la pasi. Kila aliposema "hapo", Kampire alitikisa kichwa. Ilikaribia, ikapita, ikakaribia tena. Iliposikika kama mtu anayemwigiza marehemu, Kampire aliinyakua.

"Kampire, nisikilize. Nilitaka kukufurahisha."

"Ulitaka kumufurahisha Valentin. Mi ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Eh," alisema. "Sasa umesema kweli."

Akaondoka. Simu ililia njia nzima ya kupanda Kanama, naye akaipokea mara moja tu, kandokando ya barabara, amesimama kwenye matope.

"Mpenzi wangu..."

"Usiniite vile. Muzee yangu alikufa mara moja, nikamulilia nikamaliza. We umenifanya nianze tena. Usinipigie."

Mama yake, Mukandutiye, alikuwa anamenya viazi mlangoni pa jiko. Aliisikia habari yote, yenye matusi yake, bila kusimamisha kisu. Kisha akasema, kwa Kinyarwanda, maneno ambayo Kampire hakuyatarajia.

"Inanga hiyo baba yako aliipokea kwa babu yako. Unafikiri alifanya nini wiki aliyozikwa babu yako? Aliivuta yote upya akaiweka kooni mwake. Nilikuwa bibi harusi, nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa. Inanga hukazwa kwa sauti ya anayeishika. Wewe unaimba kwa koo la marehemu, na majirani wananiuliza kama mwanangu ni mgonjwa wa kifua."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia. Anayelia haambiwi."

"Basi unataka kusema Twahir alifanya vizuri?"

"Nimesema hivyo?" Mama sasa alikiweka kisu chini, naye pia alikuwa amekasirika. "Huyo kijana ameingiza mkono kwenye kitu cha mtu bila kuomba. Ni mjinga. Na wewe umekaa miaka unalinda uzi badala ya kuimba. Ni mjinga pia. Usichanganye ujinga wako na wake."

Kampire alitoka nje, hasira zikiwa hazina tena pa kwenda. Alimkasirikia mama kwa kunyamaza na baba kwa kufa. Alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu alijua siku nyingi kwamba huko chini hana pumzi. Lakini aliyemkasirikia kuliko wote ni Twahir. Jambo ambalo alipaswa kuliamua mwenyewe, siku atakayoweza, mtu amelifanya yeye akiwa hayupo, ili wageni wa Kigali wafurahi.

Asubuhi ya siku ya onyesho la Valentin, ambalo hakuna aliyelifuta, pikipiki ilipanda kilima, na nyuma yake amekaa Twahir amekumbatia sanduku la babu yake. Hakuwa na kofia, wala shati lake halikuwa limepigwa pasi. Alimsalimu mama kwa heshima, mama akamwonyesha kwa kidevu uani, akarudi jikoni.

Kampire alikuwa ameketi kwenye mkeka, inanga imelala mbele yake.

"Sikuja kuirudisha," Twahir alisema. "Siwezi. Nimekuja kusema nilikukosea, na sina la kuongeza."

"Kaa pale. Usiguse kitu."

Akakaa. Kampire akaanza na uzi wa kwanza. Aliimba sauti moja, ya juu, pale koo lake lilipopenda, akauvuta uzi kuufuata. Kisha wa pili. Zile nyingine zilipohama, alizirudia bila haraka, akiimba na kuvuta, akivuta na kuimba. Mabaki ya sauti ya baba yake, yale ambayo Twahir hakuwa ameyafuta, yalikuwa yanaondoka moja baada ya jingine, naye aliyasikia yakiondoka. Alilia huku amekunja uso.

"Kama lazima muzee atoke kwa hii inanga," alisema bila kumtazama, "atatolewa na mukono yangu. Si yako. Unasikia?"

"Nasikia."

"Haya. Fungua kinanda. Tafuta."

Twahir akavuta upepo, akatafuta. Sita zilipatikana. Mbili, tena si zile za zamani, hazikuwapo popote. Alibonyeza kibao cha kushoto, kisha cha kulia, akaondoa kidole.

"Hizi mbili sina," alisema.

"Basi uzizunguke. Tena kwa vipande vyote vinne, juu sauti zimehama. Na ile ya tano, ya Valentin, sitaki kuisikia."

"Kampire, onyesho ni leo."

"Mi sikukutuma kuvuruga."

Walifanya kazi mpaka mchana wakigombana kila kipande. Kampire alimwambia anapiga haraka kama anayekimbizwa na mbwa. Alimwambia anaacha sauti hewani muda mrefu mno, si msikitini pale. Twahir naye mwishowe akapandwa na hasira, akasema yeye ni mkosaji lakini si kiziwi, na kwamba mwanzo wa kipande cha pili Kampire ndiye anayewahi. Alikuwa anasema kweli. Kampire alirudia mwanzo ule.

Jioni, bustanini kwa Valentin, alisimama mbele ya wageni amevaa mushanana wa rangi ya kahawia, nguo iliyofungwa bega moja ikaangukia miguuni, na uso ambao haukumtaka mtu yeyote amtabasamie. Kipande cha kwanza kilikwenda mrama katikati, wakakiokoa. Katika cha pili aliimba, na sauti ikatoka yote, pana, mpaka wahudumu wakasimama na sinia zao. Twahir alivuta upepo kidogo sana chini yake. Watu walipopiga makofi, Kampire aliinamisha kichwa mara moja na kushuka.

Twahir alimkuta ukingoni mwa ziwa, amevua viatu, anaiviringisha inanga kwenye kitenge.

"Umeimba," alisema.

"Nilisikia."

"Nataka kutuma wazee wangu kwa mama. Najua si siku nzuri ya kusema."

"Si siku muzuri."

"Nisubiri?"

Kampire alifunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Wazee watauliza dini," alisema.

"Wataniuliza mimi. Nitawajibu."

"Na mi niko na hasira bado. Ujue vile. Nikiangalia mukono yako naiona ndani ya uzi."

"Nitangoja ziishe."

"Haziishi leo, na kesho sijui." Akambebesha inanga, mikononi mwake kabisa, kwa mara ya kwanza tangu alipomnyang'anya. "Tuma wazee. Kama unanioa, utanioa nazo."