Bangili Chini ya Godoro la Ghati

Jioni ile walikuwa wakitwanga wawili, Limi na Ghati, lakini kinu kililia kwa michi mitatu. Limi alisimama. Ghati akasimama. Kinu kikalia mara moja zaidi, kikanyamaza.

Ghati, Mkurya aliyetoka mbali, alisema ni mwangwi wa ukuta, akamtania kwamba Wasukuma huogopa hata kivuli cha ng'ombe. Limi hakucheka. Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu Bernadina, mkuu wa shule yao ya sekondari ya wasichana pembeni mwa mji wa Shinyanga, alikuwa amekagua bweni. Alishatangaza kwamba atakayekutwa na vitu vya mizimu atarudishwa kwao. Kwa Limi, kurudi ni kuolewa; ng'ombe wa mahari walishaingia zizini kwa baba yake. Aliposikia viatu vya mwalimu mlangoni, alivua bangili ya shaba aliyorithishwa na marehemu bibi yake, ambayo mrithi haivui mpaka kufa, akaichomeka chini ya godoro la Ghati.

Kesho yake bweni lilinuka ugoro, kama ule aliokuwa akinusa bibi yake Limi. Ghati hakuamka. Alilala macho wazi, akinong'ona Kisukuma cha kizee, yeye ambaye hata salamu ya lugha hiyo ilimshinda, na kila aliyeinama kumsikiliza alisikia maneno yaleyale, kwamba mjukuu kamvua, kwamba amepewa mtoto wa watu, kwamba kifua hiki si cha kwao nacho kinambana, na kwamba hatakaa humo kimya.

Mwamvua, binti wa mfanyabiashara wa mtaa wa Ngokolo mjini, alimwingiza mganga Nyamizi kwa mlango wa jikoni walimu walipokuwa kanisani. Mganga alinusa hewa, akainua godoro, akaitoa bangili.

"Mwenyewe aivae sasa hivi. Huyu atapona."

Wasichana walitazamana.

"Jamani, semeni," Mwamvua alinong'ona. "Mwenzetu anakwisha."

Limi alilitazama zizi la baba yake akilini, akawatazama wale ng'ombe, akaangalia sakafu. Nyamizi aliiweka bangili kitandani, akaondoka bila kudai chochote. Kabla ya jua kuzama Ghati alikata roho.

Baada ya mazishi masomo yaliendelea. Mwalimu Bernadina aliita majina, akaruka la Ghati, akafika kwa Limi.

Limi alifungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kikongwe, tulivu, yenye mkwaruzo.

"Nipo, mjukuu wangu. Endelea kufundisha."